Mkuku Unapogoma: Kuchunguza Boti ya Tanga Baada ya Kupanda Fungu

Boti ya tanga yenye mkuku wa kupandisha imeundwa kwa ajili ya maji haba, na kukwama ni sehemu ya maisha yake. Wenye boti hizo katika mito ya Essex, mashariki mwa Uingereza, ambako maji yakipwa matope hubaki wazi mbali kadiri jicho linavyofika, au katika ghuba ya Chesapeake huko Marekani, ambayo kina chake cha wastani hakifiki mita 7, hawaulizani kama wamewahi kukwama. Huulizana wamekwama wapi. Shida yenyewe haianzi pale chombo kinapogusa chini. Huanza baadaye, maji yameshajaa, chombo kinaelea, nahodha ameshika mkono wa winchi ateremshe mkuku aende zake, na mkuku hauteremki. Au unateremka lakini haupandi tena. Au unapanda na kushuka vizuri kabisa, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Mkuku uliogoma hutoa habari ya hitilafu, lakini ni nadra hitilafu kuwa pale unapoihisi. Uzito unausikia mkononi, kwenye winchi. Kilichoumia kiko kwenye pini, kwenye sanduku la mkuku, au kwenye mbavu zinazolishikilia sanduku hilo. Na anayeongeza uharibifu, mara nyingi, ni baharia mwenye mikono ya nguvu asiyetaka kusubiri.

Mikuku hii ni ya namna mbili kuu, na anayeichunguza bila kuitofautisha atapotea njia mapema. Kuna mkuku wa bawaba, ulioshikwa na pini moja kwa upande wa mbele na kuvutwa kwa nyuma mpaka ulale tumboni mwa boti. Mfano wake unaojulikana sana ni Catalina 22 ya Marekani, iliyochorwa na Frank Butler na kuanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Zimeshatengenezwa zaidi ya 15,000. Mkuku wake ni pande la chuma cha kusubu la kilo 250 hivi. Ukiwa juu, boti inahitaji maji ya sentimita 60 tu. Ukiteremshwa wote, mita 1.5. Kinachoubeba ni waya mmoja, unaopita kwenye bomba fupi la mpira na kuingia kwenye winchi ndogo iliyofichwa chini ya ngazi ya chumbani. Namna ya pili ni mkuku wa wima, unaopanda na kushuka ndani ya sanduku lake kama droo iliyosimamishwa. Huu hauna bawaba wala pini ya kuzungukia. Unashikwa na kuta za sanduku peke yake.

Sanduku hilo ndilo kiini cha habari yote hii, ingawa abiria huliona kama kero. Katika riwaya ya Erskine Childers ya 1903, *The Riddle of the Sands*, inayohusu boti ndogo kwenye mafungu ya pwani ya Ujerumani, mgeni anayeshuka chumbani hukutana na sanduku la mkuku limekipasua chumba katikati. Mpaka leo wachoraji wa boti wanahangaika kulificha ndani ya meza au chini ya sakafu. Wakishalificha, hakuna anayelitazama. Ufa unaweza kukaa pale miaka nyuma ya ubao uliopakwa vanishi vizuri.

Tuanze na nguvu zenyewe, kwa sababu bila hesabu mtu hawezi kuamini kwamba tope laini linaweza kuvunja kitu. Chukua boti ya tani 1 inayokwenda kilomita 9 kwa saa, mwendo wa kawaida wa upepo mzuri. Ikiingia kwenye mchanga mlaini ikasimama baada ya kuburuza mita nzima, nguvu ya wastani inayousukuma mkuku ni kama theluthi ya tani. Ikigonga jiwe ikasimama ndani ya sentimita 10, nguvu hiyo inakuwa zaidi ya tani 3. Boti ni ileile, mwendo ni uleule. Ukipunguza mwendo kwa nusu, nguvu inashuka mpaka robo. Kwa hiyo la kwanza la kumuuliza nahodha ni hili: uligonga nini, kwa mwendo gani, na ulisimama ghafla au taratibu? Jibu la maswali hayo lina maana kuliko dakika kumi za kuuvutavuta waya.

Mkuku wa bawaba ukigongwa kwa mbele hurudi nyuma na kupanda, na nguvu nyingi hupotea katika kuunyanyua. Huo ndio uzuri wake. Mkuku wa wima hauna pa kukimbilia. Fikiria umetokeza mita 1 chini ya boti na nusu mita imebaki sandukuni. Tani 3 zikiisukuma ncha kwenda nyuma, mkuku mzima unakuwa mtaimbo: sehemu ya juu inalisukuma sanduku kwenda mbele kwa tani 6, na mdomo wa chini, kwa upande wa nyuma, unapokea tani 9. Ndiyo maana boti ya mkuku wa wima iliyogonga mwamba huchunguzwa kwanza sehemu hizo mbili, nyuma chini na mbele juu, kabla hata ya kuuangalia mkuku wenyewe. Na ikiwa sanduku limejengwa kwa faibaglasi, ufa wa kwanza hutokea kwenye kona ambapo ukuta wake unakutana na sakafu ya boti.

Uzuri wa mkuku wa bawaba nao una masharti yake. Boti nyingi za aina hii, Catalina 22 ikiwemo, zina bolti ya kuufunga mkuku usipigepige baharini wala kujirudisha ndani boti ikilala sana. Bolti hiyo ikiwa imekazwa, mkuku hauwezi kurudi nyuma kwa uhuru, na pigo lote linaishia kwenye bolti na kuta za sanduku. Halafu kuna kutoka. Kutoka kwenye fungu huumiza kuliko kuingia. Nahodha anawasha injini, anaweka rivasi, anaongeza moto. Boti inarudi nyuma, ncha ya mkuku inachimba mchanga, na mkuku unasukumwa kwenda mbele, upande ambao bawaba haikuwekwa kuuruhusu. Unagota mbele ya sanduku. Pini inabanwa, mabano yake yanavutwa. Boti nyingine ikija kumsaidia kwa kumvuta ubavuni, mkuku uliozama kwenye tope unalisokota sanduku zima. Aliyekwama kwa mwendo mdogo akatolewa kwa fujo ana mengi ya kuchunguza kuliko aliyegonga kwa kasi, akapandisha mkuku, akasubiri maji.

Historia inayo kesi yake, na ni ya zamani kuliko faibaglasi. John Schank wa jeshi la majini la Uingereza alijenga boti ya mkuku wa kupandisha huko Boston mwaka 1774, na miaka ya baadaye akaishawishi serikali yake ijaribu mpango huo kwenye vyombo vikubwa zaidi. Kimojawapo kilikuwa *Lady Nelson*, chombo cha tani 60 kilichojengwa Deptford mwaka 1798, chenye mikuku mitatu ya wima iliyopangwa mstari mmoja. Kilifika Australia chini ya James Grant, kikipita mlango bahari wa Bass Desemba 1800. Mwaka 1802 kilitumwa kuandamana na *Investigator* ya Matthew Flinders kupima pwani ya mashariki. Kati ya mafungu na miamba ya huko kilikwama, kikapoteza mkuku wake mkuu na sehemu ya ule wa nyuma. Hakikuzama, wala hakikuvuja vya kutisha. Kilichokiondoa kazini ni kwamba hakikuweza tena kushindana na upepo: kilikuwa kinasukumwa ubavu, hakishiki njia, na Oktoba mwaka huohuo Flinders akakirudisha Port Jackson. Kwa lugha ya leo tungesema utambuzi ulifanywa kwa kutazama mwenendo wa chombo, bila mtu kupiga mbizi. Njia hiyo bado inafanya kazi.

Basi turudi kwa nahodha wetu aliyeshika mkono wa winchi. Ikiwa amezoea boti yake, anajua ni mizunguko mingapi ya winchi kutoka chini mpaka juu, na anajua uzito wake mkononi. Asiyejua na ahesabu leo, boti ikiwa nzima, aandike kwa kalamu ya wino usiofutika karibu na winchi. Namba hiyo ni kipimo cha bure. Baada ya kukwama, mizunguko ikipungua, kuna kitu kinazuia. Ikizidi, waya umelegea au umejipanga vibaya kwenye ngoma ya winchi.

Hali inayotokea zaidi baada ya chombo kupwelewa ni mkuku kukataa kushuka. Boti ilikaa juu ya tope saa kadhaa, mkuku ukiwa ndani, na uzito wote umelikandamiza tope, changarawe na kombe ndani ya nafasi finyu kati ya mkuku na sanduku. Maji yanarudi, boti inaelea, lakini kokoto moja yenye ukubwa wa kucha imejikabari kati ya chuma na ukuta, na kilo 250 zinaning'inia juu ya kokoto hiyo. Hapa ndipo panapotokea ajali mbaya kuliko kukwama kwenyewe. Nahodha anazungusha winchi kuteremsha. Waya unatoka. Hasikii uzito, anafikiri mambo ni mazuri, anaendelea. Waya umelegea sasa, nusu mita, mita moja, umejikunja sandukuni. Halafu wimbi dogo linapita, kokoto inaachia, na mkuku unaanguka kwa uhuru mpaka mwisho wa waya. Unasikia mshindo mmoja mzito unaotikisa vikombe kabatini. Ukiwa na bahati, waya umekatika tu. Usipokuwa nayo, kimeng'oka kile kilichoushikilia waya, au kizuio kinachousimamisha mkuku kimepasua faibaglasi ya sanduku, na maji yanaingia.

Kwa hiyo kanuni ni fupi: waya ukilegea, acha mara moja, urudishe wote kwenye ngoma mpaka usikie uzito, ndipo ufikirie. Mkuku uliobanwa juu haudhuru mtu ukiwa umeshikwa. Sasa unaweza kuuhangaikia kwa subira. Watu waitikise boti kwa kuhamahama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Kama sanduku lina kifuniko kilicho juu ya usawa wa maji, kifungue boti ikiwa inaelea na mkuku umeshikwa, halafu ingiza mpira wa maji wenye msukumo. Tope huyeyuka, changarawe husukumwa. Ubao mwembamba mgumu unaweza kuingizwa ubavuni mwa mkuku kuhisi kitu kilichokabari, lakini usigonge kwa nyundo. Kila hatua, waya unaachiwa sentimita chache tu mbele ya mkuku, si zaidi.

Hali ya pili ni winchi kuwa nzito wakati wa kupandisha. Kabla ya kusema mkuku umepinda, kuna mambo mawili ya aibu ya kuangalia. La kwanza ni ile bolti ya kufungia: je, imelegezwa? Winchi na waya nyingi zimeharibiwa na bolti iliyosahauliwa. La pili ni tanga. Boti ikiwa inakwenda kwa upepo wa ubavu, maji yanausukuma mkuku upande mmoja na kuubana kwenye ukuta wa sanduku. Geuza omo kwenye upepo, acha matanga yapepee, boti isimame, ujaribu tena. Mara kadhaa "mkuku uliopinda" hunyooka palepale.

Ukibaki mzito, angalia unagomea wapi. Pandisha na uteremshe kidogo kidogo mara tatu nne. Kama unagota mahali palepale kila mara, kwa mzunguko uleule wa winchi, shuku umbo: mkuku umepinda, sanduku limevimba au limesogea, kuna kitu kimeota hapo. Kama unagota leo hapa, kesho pale, shuku takataka zinazohama au waya uliotoka kwenye mfereji wa roda na sasa unasugua pembeni. Waya wa namna hiyo huwa na sauti yake, mkwaruzo mkavu, tofauti na ule mlio wa kuimba ambao wenye Catalina 22 wanaufahamu, waya unapotetemeka majini boti ikishika kasi. Mlio huo wa kuimba peke yake si ugonjwa. Mkwaruzo ni ugonjwa.

Kuna mshukiwa mwingine ambaye hukwepa lawama kwa sababu ajali ilitokea siku hiyohiyo. Mkuku wa bamba la chuma uliokaa miaka majini hupata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Bamba linavimba taratibu, msimu hadi msimu, ndani ya sanduku lenye nafasi ya milimita chache. Mikuku ya faibaglasi yenye chuma ndani hufanya hivyohivyo kwa siri zaidi: maji yanapenya kwenye mkwaruzo mdogo, chuma kinashika kutu ndani, mashavu ya mkuku yanatuna. Siku boti inapokwama, tope kidogo tu linamalizia nafasi iliyobaki. Mwenye boti atalaumu fungu na kuandikia bima. Fundi mzuri atakwangua rangi aone tabaka za kutu, na tabaka hizo hazikujengeka wiki iliyopita.

Hali ya tatu, winchi inazunguka bila uzito wowote. Ama waya umekatika, ama umechomoka kwenye mkuku, ama mkuku wenyewe haupo. Boti itakwambia. Kama inalala upande kwa upepo mdogo kuliko kawaida na inachelewa kuinuka, umepoteza uzito wa chini, na hapo punguza tanga mara moja, washa injini, nenda taratibu bandarini. Kama inashika njia vizuri na inasimama imara, mkuku upo umening'inia kwenye pini, na tatizo lako ni kwamba huwezi kuingia penye maji haba. Mkuku wa bawaba unaweza kuinuliwa bila waya wake. Simamisha boti. Chukua kamba ndefu, ifunge kipande cha mnyororo katikati ili izame, ipitishe chini ya omo, ncha moja kila ubavu, na uirudishe nyuma mpaka iguse ukingo wa mbele wa mkuku, chini iwezekanavyo. Kisha vuta ncha zote mbili kuelekea nyuma kwa winchi za matanga. Mkuku utarudi na kupanda. Funga kamba imara, na usiutumie mkuku tena mpaka boti itolewe majini.

Boti kubwa zaidi, kama zile za Southerly zilizokuwa zikijengwa Itchenor kusini mwa Uingereza, hupandisha mkuku kwa haidroliki. Huko uchunguzi unaanzia kwenye mafuta: yamepungua, au yameonekana kwenye ngama? Mkuku unaoshuka wenyewe polepole usiku kucha una sili iliyochoka au vali isiyofunga. Bomba la mafuta likipasuka wakati wa pigo, linakuwa limejitoa mhanga kwa ajili ya vitu vya bei kubwa zaidi, na hiyo ni habari njema, ingawa kuyasafisha mafuta hayo kunachosha.

Sasa tufike kwenye mkuku usiogoma. Unapanda, unashuka, winchi ni nyepesi, nahodha amefurahi. Hapa ndipo ninapotofautiana na mabaharia wengi, wanaoona kwamba kitu kinachofanya kazi kimepona. Tukio la boti ya *Cheeki Rafiki* lilipaswa kumaliza ubishi huo. Mei 2014, ikitoka Antigua kurudi Uingereza, boti hiyo yenye mkuku wa kudumu iligeuka katikati ya Atlantiki baada ya mkuku kung'oka, na mabaharia wote wanne walipotea. Ripoti ya MAIB, chombo cha Uingereza kinachochunguza ajali za majini, iliyotoka 2015, ilieleza kwamba kukwama kwa awali, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda vilidhoofisha mfumo wa mbavu zinazobeba mkuku. Boti ilikuwa imesafiri maili nyingi baada ya kukwama huko, na mkuku ulionekana mzima. Mkuku wa kupandisha unatofautiana kiufundi, lakini faibaglasi haijui tofauti hiyo: gundi ikishaachana na mbavu, inaachana kimyakimya.

Ishara za uharibifu wa kimya ziko ndani ya boti. Mlango wa kabati uliokuwa ukifunga vizuri sasa unagusa fremu. Ubao wa sakafu hautoki, au unacheza. Nyaya za mlingoti zimelegea bila mtu kuzigusa. Usiku nangani, boti ikiyumba, unasikia "ko... ko..." ya mkuku ukigonga kuta, sauti ambayo wiki jana haikuwepo. Na maji kwenye ngama. Onja: yakiwa na chumvi, yanatoka nje. Kausha ngama kwa kitambaa mpaka iwe kavu kabisa, nyunyizia unga wa chaki kuzunguka sanduku, pini na lile bomba la mpira la waya, kisha subiri. Mstari mweusi utachorwa kwenye unga, nao utakuonyesha mlango wa maji. Ukitokea kwenye bomba la mpira, ni kazi ya klipu mbili na mpira mpya. Ukitokea kwenye kona ya sanduku, safari imekwisha.

Ukaguzi wa kweli unafanyika nchi kavu, na una hatari zake. Boti inaponing'inia kwenye mikanda ya kreni ili mkuku ushushwe, mtu asipite chini yake, asiweke mkono sandukuni, asiamini waya ambao umekwishapata pigo. Weka magogo au jeki chini ya mkuku kabla ya kufungua pini. Hili sitalipunguza makali: kilo 250 zinazoanguka sentimita 30 hazihitaji sentimita 31.

Mkuku ukishashikwa vizuri, shika ncha yake uisukume kulia na kushoto. Uchezaji mdogo ni wa kawaida, lakini fanya hesabu: kama pini imekaa kwenye upana wa sentimita 5 na mkuku una urefu wa mita 1.5, uchakavu wa milimita 1 kwenye pini unakuwa mwendo wa sentimita 3 kwenye ncha. Kwa hiyo ncha inakuambia mapema kile ambacho jicho halioni kwenye pini. Toa pini yenyewe, ifute grisi, pitisha ukucha juu yake. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, pini imeliwa, na shimo lake la kwenye mkuku nalo limekuwa yai. Tiba inayodumu ni kutoboa shimo liwe kubwa na la duara, kupachika bushi ya shaba nyeusi, na kuweka pini mpya inayolingana. Kuweka pini mpya kwenye shimo lililokwishakuwa yai ni kununua msimu mmoja tu.

Waya usiukague kwa mkono mtupu. Pitisha kitambaa, nyuzi zilizokatika zitakinasa. Angalia hasa sentimita chache zinazoingia kwenye kishikio cha mwisho, kwa sababu hata chuma kisichoshika kutu huliwa pale kinapofunikwa kikakosa hewa huku chumvi ikibaki ndani. Mimi ningebadilisha waya baada ya kila mkwamo mzito bila kuuliza. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii.

Bamba la chuma lililopinda linaweza kunyooshwa karakana kwa mashine ya kukandamiza. Vuta uzi kutoka ncha hadi ncha uone linapopinda kabla ya kulipeleka. Chuma cha kusubu hakipindi. Hupasuka, na kulehemu ufa wake bila maandalizi maalumu ya joto huacha ufa mpya pembeni ya ule wa zamani. Faibaglasi ya sanduku igongwe kwa mpini wa bisibisi, sentimita kwa sentimita. Sauti kavu ni nzima, sauti ya mfu imeachana ndani. Hapo kupaka epoksi juu ya ufa ni kuficha ushahidi. Tabaka zote zilizoachana zikwanguliwe mpaka penye uzima, zijengwe upya kwa upana, na zikaguliwe na mtu asiye na masilahi katika kuuza boti hiyo.

Kwetu pwani vyombo vya asili havina kitu hiki. Mashua na jahazi hupwelewa, hulala ubavu ufukweni zikisubiri maji, na kazi ya fundi ni kalafati. Lakini boti za wageni zinazotia nanga Kilifi na Tanga ni za kila muundo, na kwenye maji yanayopanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, nyingine hukalia matumbawe kabla mwenyewe hajamaliza chai. Fundi atakayeitwa na aanze na maswali matatu ya mwendo, kilichogongwa na namna ya kutoka. Afungue sakafu kabla ya kushika winchi. Na akatae kusema "iko sawa" kabla ya kuiona pini mkononi. Na kwa anayetaka kununua boti ya namna hii iliyotumika: muulize mwenyewe pini na waya vilibadilishwa lini. Akishindwa kutaja mwaka, toa kwenye bei gharama ya kreni, pini, bushi na waya, na usiipeleke baharini mpaka kazi hiyo ifanyike.